Mjumbe wa Ishirini na Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Bosi amesimama leo. Alishika mguu wa meza, akajivuta, akauachia, akasimama peke yake nikahesabu mpaka saba. Kisha akakaa kwa makalio na kucheka na meno yake yote sita. Ana miezi kumi na moja. Mama mkwe anasema mtoto akishasimama namna hiyo wiki mbili ni nyingi, anatembea. Anasema Baba Bosi alianza kutembea na miezi kumi, na tangu siku hiyo hajaacha kuzurura.

Nilifurahi mpaka nilipotazama mlangoni.

Mbele ya mlango wetu kuna mtaro. Kutoka kizingitini mpaka kwenye mtaro ni hatua mbili zangu. Nimempima Bosi miguu, nikapiga hesabu: zake ni nne, ya tano iko ndani. Kina ni cha goti la mtu mzima. Mfuniko wake wa zege ulipasuliwa na lori la mchanga kabla mimi sijaolewa hapa, vipande vikaondoka kimoja kimoja, kila mtu na shida yake.

Mama mkwe akasema tuweke ubao tuyamalize. Baba Bosi, ambaye ni fundi wa mabango, akasema kazini kuna kipande cha bati gumu, atakileta kesho. Nikawakataza wote wawili. Ubao ni wa nyumba moja. Mimi nataka sera. Jumamosi na Jumapili chama chetu kinafanya mkutano wa sera na serikali za mitaa, mimi ni mjumbe, na hoja yangu ni kwamba mitaro yote ya mtaa ifunikwe. Sasa nikiufunika wa kwangu nitasimama na uso gani mbele za watu? Mtaro ni ushahidi. Ushahidi haufunikwi.

Mama mkwe akauliza chama chetu kina madiwani wangapi. Nikamwambia bado. Akauliza bado wangapi. Nikaenda kuanua nguo.

Nimeilaza meza ya kupigia pasi ubavu, nikaziba nayo mlango. Kwa leo inatosha.


Jumanne, 2 Septemba

Kikao cha maandalizi. Tulikutana kwenye shule ya udereva ya Mwenyekiti, ambayo ndiyo makao makuu ya chama. Shule ina gari moja. Gari halina injini, lakini usukani unazunguka. Darasani kuta zimejaa alama za barabarani, na Mwenyekiti anaendesha vikao kwa kibao chekundu cha SIMAMA. Ukizidisha maneno anakuinulia. Leo aliniinulia nikiwa nimefika kwenye salamu.

Tulikuwa watano. Dada Katibu, ambaye kazi yake ni kutoa nakala dukani, na ambaye hajawahi kukosea hesabu ya karatasi hata moja, alisoma orodha ya hoja. Ziko mbili tu. Ya kwanza ni yangu, mifuniko. Ya pili ni ya Kinyozi. Anataka taa za barabarani. Nikamuuliza zianzie wapi. Akasema mbele ya duka la kinyozi. Nikamwambia huo ni ubinafsi. Akauliza, shemeji, na mifuniko je, itaanzia wapi? Nikasema itaanzia palipo na haja.

Ananiita shemeji kwa sababu ni rafiki wa mume wangu. Ni mtu wa kucheka cheka, shati jeupe kila siku, na ukimwangalia vizuri unaona kabisa kuna jambo analipanga. Akasema mimi nisiwe na wasiwasi, wajumbe wataamua. Alivyolisema hilo neno, wataamua, sikulipenda.

Nimerudi nimekuta Bosi ameshika ukingo wa meza niliyoziba nayo mlango. Amefikisha kidevu juu. Alikuwa anaangalia mtaro kama mtu anayemsubiri mgeni.


Jumatano, 3 Septemba

Nimeigundua njama. Kinyozi ananyoa wajumbe bure. Nilipita mbele ya duka lake saa nne asubuhi nikajifanya natafuta kiatu cha mtoto. Ndani kulikuwa na watu watatu wa chama, mmoja kwenye kiti, wawili kwenye benchi, wote wanacheka. Nikasalimia. Wakanyamaza. Mmoja akasema karibu, dada mtaro. Wakacheka tena.

Sikulia. Nilimfuta Bosi kamasi, nikarudi nyumbani, nikafikiri.

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Kila mtu na silaha yake. Nimemtuma Baba Bosi apitishe habari kwamba mjumbe yeyote anayetaka kwenda mkutanoni amenyooka alete shati lake kwangu, bure, kwa ajili ya umoja wa chama. Mpaka jioni nilikuwa na mashati kumi na manne na suruali tisa. Nikaona tayari nimeshinda. Kumi na manne ni mengi kuliko vichwa vilivyonyolewa.

Mama mkwe alikuwa ananitazama ninavyopuliza mkaa wa pasi. Akasema mwanangu, mashati yote haya, na kipande kimoja cha ubao hutaki. Nikamweleza tena tofauti kati ya ubao na sera. Akasema ameelewa. Hakuelewa.


Alhamisi, 4 Septemba

Balaa mbili.

Kwanza, nimeunguza shati la mjumbe mmoja, Fundi Baiskeli. Bosi alikuwa amekaa chini, ghafla akasema neno lililofanana sana na mama. Nikageuka. Nilipogeuka tena, pasi ilikuwa imeacha picha yake yote mgongoni mwa shati, na ncha yake, na ukingo wake. Nimelikunja vizuri, sehemu iliyoungua ndani. Huenda asigundue.

Pili, Dada Katibu alipita kuleta nakala ya katiba ya chama, akasema akidi ni wajumbe ishirini na mmoja. Wasipofika ishirini na mmoja, hakuna mkutano. Waliothibitisha ni ishirini pamoja na mimi na Baba Bosi. Nikamwomba mama mkwe ajiunge, siku mbili tu. Akasema yeye ana chama chake cha kukaa barazani, na huko akidi ni mtu mmoja.

Basi nikakaa na katiba. Shule mimi niliishia pale nilipoishia, lakini kusoma najua, nasoma taratibu na kidole. Katiba hii Mwenyekiti aliitoa kwenye kanuni za timu ya mpira aliyokuwa akiiongoza zamani. Alifuta neno mchezaji akaandika mjumbe. Mahali pengine alisahau. Kifungu cha nane kinazungumzia viatu. Lakini kifungu cha tano, nimekisoma mara nne, kinasema mjumbe ni mtu yeyote atakayefika na kujiandikisha kabla ya saa tatu kamili. Mtu yeyote. Umri hakikutaja.

Nikainua macho. Bosi alikuwa anatafuna kona ya ukurasa wa mwisho.

Nimekata shauri.


Ijumaa, 5 Septemba

Mafunzo yanaendelea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mjumbe hahitaji kusema, anahitaji kuinua mkono tu. Nasema, mikono juu. Namwinua mikono. Nampa kipande cha biskuti. Mpaka saa sita nilikuwa sihitaji kumwinua. Mpaka saa tisa nilikuwa nikitamka tu, hata nikiwa nimempa mgongo, anainua yote miwili na kufungua mdomo. Mtoto ana akili kama babu yake mzaa mama. Biskuti zimekwisha.

Jioni Mwenyekiti alikuja mwenyewe kukagua bango la mkutano. Baba Bosi ameliandika kwenye bati nene, fremu ya chuma, urefu wa mlango: KARIBUNI WAJUMBE, MKUTANO WA SERA NA SERIKALI ZA MITAA, TAREHE 6 NA 7 SEPTEMBA. Chini amechora ndoo, alama ya chama chetu. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, rangi bado mbichi. Mwenyekiti akasema ataliangalia kwa mbali ili aone kama linasomeka barabarani. Akarudi nyuma hatua moja. Akasema herufi zimekaa vizuri. Akarudi hatua ya pili.

Tulimtoa watu watatu. Aliingia mguu mmoja mpaka kwenye goti. Mama mkwe alimletea maji na kigoda, akamwambia pole baba, mtaro huo ni ushahidi.

Nimemfulia suruali. Nina hofu sasa kwamba amekasirika na hoja yangu imekufa.


Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya kwanza ya mkutano. Niandike kwa utaratibu.

Nilifika nikaanza kuhesabu maadui kwa vichwa. Vichwa vipya vilivyonyolewa, kumi na saba. Halafu nikahesabu mashati yaliyopigwa pasi na mimi, pamoja na matatu yaliyoletwa jana. Kumi na saba. Walikuwa walewale. Sijawahi kuona chama kilichopendeza kama kile, na sikuweza kujua nani ni wa nani. Fundi Baiskeli ndiye peke yake niliyemjua. Alikaa mstari wa mbele kabisa, na mgongoni alikuwa na pasi yangu. Kila aliyekuwa nyuma aliiangalia siku nzima.

Saa mbili na dakika hamsini tulikuwa ishirini. Dada Katibu ameshika kalamu, anatazama saa ya ukutani. Mwenyekiti anatazama barabarani. Kinyozi akasema basi, tuahirishe. Hapo nikasimama nikaomba kisomwe kifungu cha tano. Kikasomwa. Nikamweka Bosi mezani mbele ya daftari la mahudhurio.

Kinyozi akasema, shemeji, huyu hata kuongea hajui. Mwenyekiti akasema mkutano uliopita wajumbe sita hawakufungua mdomo mpaka mwisho na wote walihesabiwa. Dada Katibu alisoma kifungu tena, mara mbili, akageuza na upande wa nyuma. Akasema kwa mujibu wa katiba hana pa kumzuilia. Namba ishirini na moja. Bosi akatia dole gumba, kisha akaufutia wino kwenye mkono wa shati jeupe la Kinyozi. Lile nilikuwa nimelinyoosha mimi mwenyewe kwa dakika ishirini.

Akidi ikatimia. Watu walipiga makofi. Bosi naye akapiga makofi.

Hoja yangu ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu. Nikasimama, nikasema Ndugu Mwenyekiti. Mwenyekiti akainua SIMAMA. Akapandisha suruali, akaweka mguu juu ya kiti, akawaonyesha wajumbe muundi wake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama kuna mtu humu ndani anapinga mifuniko ya mitaro, aje aushike huu mguu aipinge hapa. Hakuna aliyekwenda. Mwenyekiti akasema wanaounga mkono hoja, mikono juu. Wote. Bosi miwili. Kwa kuwa hakuna aliyebaki, Dada Katibu hakuhesabu. Aliandika: imepita kwa kauli moja.

Hotuba yangu iliwagusa, naona.

Taa za Kinyozi nazo zikapita. Sikupinga, mshindi huwa mkarimu. Nimembeba Bosi mpaka nyumbani nikimwimbia. Nikamwambia mama mkwe mifuniko imepita. Akatoka nje, akachungulia mtaroni, akarudi. Akauliza imepita kuelekea wapi.


Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi nilikuwa mtu mwenye furaha. Ningeweza kubaki nyumbani. Hoja imepita, kilichobaki ni kufunga mkutano na kupiga picha.

Lakini Dada Katibu aliposoma azimio, mwishoni nikasikia maneno ambayo jana sikuyasikia: mifuniko itaanza mahali patakapochaguliwa na mratibu wa sera. Mratibu atachaguliwa leo. Kinyozi akasimama kabla sijapumua, akasema yuko tayari kujitolea. Akasema mbele ya duka lake pia kuna mtaro. Nimeuona huo mtaro. Paka anauvuka bila kuruka.

Nikamtazama Bosi. Alikuwa amejishika kwenye kiti cha Fundi Baiskeli, anachezesha magoti kama mtu anayesubiri namba yake iitwe. Nikajua hatuna wiki mbili. Nikasimama, nikasema na mimi najitolea.

Baba Bosi aliniambia polepole kwamba lile bati gumu bado liko kazini. Nikamwambia huu si wakati wa bati.

Nilipiga hesabu. Mashati upande mmoja, vichwa upande mwingine, shukrani zinagawanyika katikati. Watu wazima ishirini. Nikaona kumi kwa kumi. Na hapo ndipo nilipotabasamu, kwa maana wa ishirini na moja nilimzaa mwenyewe.

Mwenyekiti akaanza na Kinyozi, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Akasema wanaomtaka Kinyozi, mikono juu.

Bosi akainua yote miwili.

Nikamshusha wa kulia. Akainua wa kulia, akafungua mdomo asubiri biskuti. Nikamshusha wa kushoto. Mtoto aliyefundishwa vizuri hashushiki. Katibu alikuwa anapita kati ya viti na rula, anahesabu mikono, akaigusa yote miwili kwa rula, akaandika. Kumi na miwili.

Nikajipa moyo. Nikasema si kitu, yetu inakuja. Mwenyekiti akasema wanaomtaka Mama Bosi, mikono juu. Bosi akainua yote miwili, na safari hii kwa hamu zaidi, maana alishaona ameonewa mara ya kwanza. Kumi na miwili.

Dada Katibu akajumlisha. Akajumlisha tena. Mimi namjua, dukani kwake ikizidi karatasi moja hatoki mpaka ijulikane imetoka wapi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wajumbe ni ishirini na mmoja na mikono ni ishirini na minne.

Fundi Baiskeli akageuka akanitazama. Kinyozi ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya, nikubali tu. Alisema, Mwenyekiti, nadhani mjumbe wa ishirini na moja amepiga kura nne.

Ikafunguliwa katiba. Kifungu cha kumi na saba. Mwenyekiti alikisoma mwenyewe, na nilimwona anavyozidi kunywea kila anapofika kwenye nukta. Mjumbe atakayechezea pande mbili kwa siku moja atafutwa orodhani, na mechi zote alizocheza zitahesabiwa hazikuchezwa.

Akasema hilo neno mechi alisahau kulibadilisha. Dada Katibu akasema hata hivyo maana yake inaeleweka. Akamkata Bosi kwenye daftari, mstari mmoja, kwa rula. Tukabaki ishirini. Ishirini si akidi. Si leo, si jana. Akatoa muhuri, akagonga BATILI kwenye taa za Kinyozi. Halafu akanitazama kidogo, akagonga kwenye mifuniko yangu.

Mwenyekiti akasema mkutano utarudiwa tarehe 20 na 21. Akaweka kibao cha SIMAMA juu ya meza, akatoka kwenda kukaa kwenye gari lisilo na injini.

Baba Bosi na Kinyozi wamelibeba bango mpaka nyumbani, libadilishwe tarehe. Kinyozi aliliegemeza mwenyewe, herufi zikitazama ukuta, akanipa pole. Akasema shemeji, usiku mwema, na ukitaka nimnyoe huyu mjumbe siku ya kutimiza mwaka, mlete. Nikasema asante. Bado anapanga jambo.

Bosi amelala na mkono mmoja juu. Nimeushusha. Umerudi.


Jumatatu, 8 Septemba



Asubuhi nilikaa chini kuandika barua ya rufaa kwa Mwenyekiti. Nilikuwa nimetoa meza mlangoni ili niiandikie juu yake. Nilimweka Bosi kwenye mkeka nyuma yangu, na sufuria na kijiko. Nilikuwa nimefika kwenye neno kwa unyenyekevu, linanisumbua kuandika. Nikalifuta. Nikaliandika tena. Nikasikia kimya.

Mwenye mtoto anakijua kimya hicho.

Nikageuka. Mkekani sufuria tu. Nikatazama mlangoni, na Bosi alikuwa ameshavuka kizingiti, kwa miguu. Hajashika kitu. Mikono juu, yote miwili, kama nilivyomfundisha, na nadhani ndiyo iliyomsimamisha. Hatua ya kwanza nilimwona. Ya pili nilisimama. Ya tatu niliipiga meza teke, wino ukamwagika. Ya nne nilinyoosha mkono. Hatua yake ya tano nilikuwa nimefumba macho.

Nikasikia, ngo.

Nikafumbua. Alikuwa amesimama juu ya bati. Bango limelala kifudifudi, hapana, chali, herufi juu, kutoka ukingo mpaka ukingo, mtaro hauonekani. Bosi yuko juu ya neno MITAA. Akapiga mguu tena, ngo, akacheka, akakaa kwenye ndoo.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamuuliza bango limefikaje pale. Akasema alichoka kuruka na ungo mkononi. Nikamuuliza amelibebaje peke yake, Baba Bosi na Kinyozi walihema. Akasema hakulibeba. Alilisukuma kwa kiganja, likaanguka lenyewe. Alisema lilivyotoshea, utafikiri mtu alipima.

Nilikaa juu ya bati na mwanangu, nikamkumbatia, nikalia mpaka akachoka akanisukuma. Mama mkwe alikuja akatuwekea mto.

Ametembea mara kumi na moja leo. Kwenda na kurudi. Ngo, ngo, ngo.


Jumatano, 10 Septemba

Nimetulia sasa, na nimeyafikiria mambo kwa kichwa kilichopoa.

Nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa kumfundisha Bosi. Kosa lilikuwa biskuti. Nilimpa kwa kila mkono, ndiyo maana akazoea miwili. Tumeanza upya jana na vipande vya ndizi: mkono mmoja, ndizi moja. Na anainua akisikia Mama Bosi tu. Kwa jina la Kinyozi nimemfundisha kulala.

Tena, mjumbe mmoja wa ziada ni hatari, akifutwa huyo mnaanguka wote. Jirani ana mapacha, miezi tisa, watulivu sana. Nimemwambia nitampigia pasi mwezi mzima akiniazima Jumamosi na Jumapili. Akauliza ni za nini. Nikasema ni mambo ya serikali za mitaa. Akasema niwarudishe wameoga.

Hayo yote yako sawa. Limebaki jambo moja dogo.

Mwenyekiti ametuma ujumbe kwamba bango lipelekwe kabla ya tarehe 20 likiwa na tarehe mpya, bila bango si mkutano halali, kifungu cha tatu, hapo zamani, kwenye kanuni za mpira, palikuwa na bendera za kona. Baba Bosi alipokuja na brashi mama mkwe aliweka kigoda chake katikati ya bati, juu ya neno SERA, akakaa. Baba Bosi akarudi na brashi yake. Alisema yeye hajaoa ili agombane na mama yake juu ya mtaro.

Nikaenda mwenyewe, kwa heshima. Nikamweleza kwamba ni siku mbili tu, tukishapitisha mifuniko tutawekewa mfuniko wa kweli, wa zege, na bango litarudi chamani. Kuufunika mtaro leo ni kujinyima mfuniko kesho. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta. Bosi alikuwa anamzunguka, ngo, ngo, ameshika gauni lake. Kisha akasema mwanangu, anayelitaka hili bati alichukue, lakini atalichukua na mimi nikiwa juu yake.

Nimempima kwa macho, yeye na kigoda na ungo. Watu wanne wanatosha kumbeba.

Na sisi tuko ishirini na mmoja, bila kuhesabu mapacha.